Sabini au Themanini: Bunduki ya Kaka Yake Curtis

Patrice, fundi mwenzangu, ndiye aliyenitaka niandike haya. Siku nilipokusanya vitu vyangu karakana aliniambia, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Mama, uandike bintu yote unajua, juu sisi tunabaki apa peke yetu." Nikamkubalia. Tangu hapo nimekaa mara nyingi kwenye meza ya jikoni hapa Adelphi nikitafuta ninachokijua, na kinachonijia kwanza kila mara ni kile ambacho sikukielewa vizuri. Basi nitawaandikia hicho, na mengine mtayakuta njiani. Habari za vyeo hamtaziona humu. Karakana yetu haikuwa na vyeo. Ilikuwa na mwenyewe, na sisi wengine.

Mimi ni mkerezaji. Mashine ya kukereza nilijifunzia Moshi, na nilipohamia Maryland na marehemu mume wangu nilipata kazi Rockville, kwenye kiwanda kidogo cha vipuri vya pampu. Kiwanda kilipofungwa nikasikia kuna mzee anatafuta mtu wa mashine, nyuma ya duka la matairi, hatua chache kutoka barabara kubwa ya Rockville Pike. Sikujua kwamba anatengeneza bunduki. Nilipoingia na kuziona zimepangwa ukutani nilitaka kugeuka. Yule mzee, Otis, mtu wa milima ya West Virginia, hakuniuliza kama nazijua. Alinipa kipande cha chuma na mchoro. Nilipomaliza alikipima, akakipima tena upande wa pili, akaniambia nije Jumatatu.

Jumatatu hiyo alisimamisha risasi tatu kwenye benchi, zimejipanga kama watoto wa shule, akaniuliza zina tofauti gani. Nilizitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia sioni tofauti.

"Vizuri," akasema. "Anayejibu haraka huwa namrudisha nyumbani."

Niwaeleze hapa, kwa sababu kisa chote kimekaa juu ya jambo hili. Risasi kubwa kati ya zile tatu ni ile tunayoiita thelathini-sufuri-sita. Hiyo ndiyo mama. Ukilibana shingo ganda lake ili lishike kichwa chembamba zaidi, unapata mbili-sabini. Ukilibana kidogo pungufu ya hapo, na bega la ganda ukalisogeza mbele kiasi ambacho jicho halikioni, unapata mbili-themanini. Vichwa vya sabini na themanini vimepishana unene wa karatasi mbili hivi. Kitako cha ganda ni kilekile kwa zote, kwa hiyo bolti, yaani kile chuma kinachofungia risasi ndani, ni ileile na inazishika zote, na mwili uleule wa bunduki unazipokea zote. Kinachoamua ni mtutu peke yake. Na kama hiyo haitoshi kumchanganya mtu, themanini iliwahi kuuzwa kwa jina lingine kabisa, watu wakaidhania ni risasi nyingine yenye nguvu zaidi, ikabidi irudishiwe jina lake la kwanza. Mpaka leo kuna maboksi ya jina lile la katikati yamelala kwenye magereji ya watu.

Kuhusu kulungu, akipigwa na yoyote kati ya hizo hawezi kukwambia ni ipi. Lakini wateja wetu walikuwa tayari kubishana habari hiyo mpaka tunafunga. Mwanaume anaingia, ananitazama, anauliza fundi yuko wapi. Namwambia fundi ni mimi. Ananieleza kwa nini sabini ni takataka. Kesho yake anaingia mwingine kunieleza kwa nini themanini ni takataka. Mwanzoni nilidhani nitakapozoea nitajua nani yuko sahihi. Miaka ikapita, sikujua.

Otis alinifundisha kutouliza mteja anataka risasi gani. "Muulize atapiga nini, kutoka umbali gani, na bega lake likoje," alikuwa akisema. "Halafu muulize ana risasi gani nyumbani." Hilo la mwisho nililiona dogo. Alinifundisha pia kulisha rima taratibu. Rima ni chuma kirefu chenye meno kinachochonga chemba, yaani chumba cha risasi mwanzoni mwa mtutu. Unaingiza kidogo, unatoa, unafuta chembechembe za chuma, unapaka mafuta, unaingiza tena. Ukiharakisha, chemba inachubuka na mtutu wa watu umekwisha. Mwishoni unapima kwa geji mbili, vipande vya chuma vya kupimia chemba: moja bolti lazima ifunge juu yake, nyingine lazima ikatae. Vijana, hakuna kitu kingine maishani kitakachowapa jibu wazi namna ile. Lifurahieni.

Curtis alikuja Otis akiwa ameshazeeka, anapita asubuhi kunywa kahawa tu, na Patrice akiwa ameshaingia. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mrefu, fundi mstaafu wa treni za chini ya ardhi. Alisikia mimi na Patrice tukizungumza, akasimama mlangoni kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao.

"Shikamoo, mama," akasema. "Mimi ninaitwa Curtis. Nilijifunza Kiswahili katika darasa la jioni, miaka mingi iliyopita. Tafadhali msicheke."

Tulikuwa karibu rika moja, kwa hiyo shikamoo ile niliipokea kwa tabu. Nikamwambia aniite dada. Tangu siku hiyo hakusema nami Kiingereza kama angeweza kukiepuka. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Patrice, na kama niseme kweli, kuliko cha wanangu.

Alileta mwili wa bunduki pamoja na kitako cha mbao ya jozi. Mtutu haukuwapo. Vilikuwa vya kaka yake, Raymond, aliyekuwa amefariki majira ya baridi. Raymond na Curtis walikuwa wakienda kuwinda kila Novemba kwenye milima ya magharibi mwa Maryland. Mtutu wa zamani uliliwa na kutu, Raymond akautupa akikusudia kuweka mpya, na kabla hajauweka moyo ukamsimama. Curtis alitaka bunduki ile ikamilike, na alitaka ipige risasi ileile aliyokuwa akipiga Raymond.

"Ilikuwa risasi gani?" nikamuuliza.

"Mbili-themanini," akasema.

Tukaandika themanini. Wiki iliyofuata alipiga simu kuulizia mbao, na katikati ya maneno akasema, "Kwa sababu sabini inapiga chini kidogo, dada, unajua." Nikamuuliza, sabini au themanini? "Sabini," akasema. "Nilikwambia." Nikafuta, nikaandika sabini. Alipokuja kuchagua mtutu akasema themanini. Karatasi ya oda ikawa imefutwafutwa hata mimi mwenyewe sikuweza kuisoma.

Nilidhani ni Kiswahili. Mnajua wageni wanavyohangaika na sitini, sabini, themanini. Hata sisi kwenye simu mbovu tunarudia. Nikajiambia, mtu huyu kajifunza hesabu zetu ukubwani, zinamteleza. Patrice hakukubali.

"Mama, uyu mutu leo anasemaka hii, kesho anasemaka ingine. Hapana lugha. Anatuchezea."

Siku moja nikaamua kumuuliza kwa Kiingereza, polepole, tarakimu moja moja. Alinijibu bila kusita kwamba ni two-eighty, sauti yake ikiwa imeingia baridi kidogo, kama mtu aliyetukanwa. Basi nikaridhika. Nikachukua rima ya themanini, nikachonga chemba, geji ya kwanza ikafunga, ya pili ikakataa. Nikapiga muhuri wa 280 kwenye mtutu. Ilikuwa kazi nzuri. Kitako cha Raymond kilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, Curtis akakataza usiguswe, nikauacha.

Bunduki mpya lazima fundi aifyatue kwanza. Nilimpeleka Curtis kwenye uwanja wa shabaha tunaoutumia, asubuhi ya Oktoba yenye jua. Nilifyatua za kwanza mimi, nikakagua maganda, yote yalikuwa mazuri. Nikamwachia benchi na boksi la themanini. Alipiga vizuri sana. Mikono imetulia, pumzi imetulia, matundu yamekaa pamoja kwenye karatasi. Nilikuwa nimesimama kando yake nikifurahi kimyakimya namna fundi anavyofurahi, yaani nikijifanya natazama kitu kingine.

Ndipo nikaona anaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Boksi langu lilikuwa mbele yake, wazi, lina risasi. Yeye akatoa risasi mfukoni, akaiweka, akasukuma bolti.

"Kaka Curtis, ondoa kidole. Fungua bolti."

Akafungua mara moja; alikuwa mwindaji wa zamani, neno hilo halibishaniwi. Risasi ikaruka mezani. Niliigeuza nikasoma kitako chake. Ilikuwa mbili-sabini.

Sabini inaingia kwenye chemba ya themanini bila kulalamika. Hapo ndipo ubaya ulipo. Ganda halijakaa mahali pake, kichwa ni chembamba kwa mtutu, na unapofyatua, ganda linaweza kupasuka na gesi yake ikarudi nyuma, ulipo uso wako.

Nikamwonyesha. Aliisoma kwa sauti, "Mbili-sabini," sawasawa kabisa, akanitazama akingoja nimwambie tatizo ni nini.

"Na bunduki ni themanini," nikasema.

"Basi umetengeneza bunduki isiyo yangu," akasema. "Mimi nilisema sabini. Raymond alipiga sabini. Nimekwambia tangu siku ya kwanza."

Alisema kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba uhakika wangu mimi ndio uliotikisika. Njia nzima ya kurudi, yeye ametazama dirishani, mimi nashika usukani, nilikuwa najiuliza: je, alisema themanini kweli? Siku ile ya Kiingereza, nilisikia nilichotaka kusikia? Nilipofika nikamuuliza Patrice. Patrice naye akasema alisikia themanini, kisha akakuna kichwa, akasema, "Ao ilikuwa ile siku ingine?" Nikaenda kuutazama mwili wa bunduki kana kwamba utanijibu. Nimewaeleza, bolti ni ileile, kila kitu ni kilekile. Chuma kile hakikujua kilikuwa kikipiga nini. Tulimpigia simu mjane wa Raymond. Akasema ilikuwa ile inayoanza na mbili.

Bunduki niliizuia karakana. Siku chache baadaye akaja binti yake Curtis, Nia, anayefanya kazi ofisini huko Columbia. Alifunga mlango wa nyuma kwanza.

"Mama Rehema, samahani, Kiswahili changu kidogo," akasema, kisha akaendelea kwa Kiingereza, akichomeka neno letu pale alipolijua. Baba yake alikuwa ameonwa na daktari tangu kiangazi. Kumbukumbu yake ilikuwa inaondoka. Alishawahi kushuka kituo kisicho chake kwenye reli aliyoihudumia maisha yake yote, akakaa kwenye benchi la kituo mpaka mtu akampigia Nia. Baba alikuwa amemwapiza asimwambie mtu. "Please, usimpe bunduki," akasema. "Mwambie imeharibika."

Nilikaa kwenye kiti cha Otis. Mambo yote ya miezi ile yalijipanga upya kichwani: sabini, themanini, ile baridi kwenye sauti yake. Nilikuwa nimehangaika na hesabu za Kiswahili kumbe mwenzangu alikuwa anahangaika na kitu kingine kabisa. Lakini kujua hakukuniambia cha kufanya. Bunduki ni yake. Kaka ni wake. Kumdanganya mtu mzima kwamba chuma kimeharibika, chuma ambacho amepiga nacho shabaha nzuri kuliko watu wengi ninaowajua, sikuweza. Kumpa, pia sikuweza.

"Mwite aje," nikamwambia Nia. "Tuzungumze naye yeye."

Alikuja Jumamosi, amevaa koti la suti. Nadhani alijua. Patrice alileta viti, akataka kuondoka, Curtis akamwambia akae.

Nilimwambia bila kuzunguka kwamba Nia amenieleza. Alimtazama binti yake, si kwa hasira, kisha akanitazama mimi.

"Dada Rehema," akasema, "asubuhi nikiamka ninajua. Ninamwona Raymond anafungua boksi, ninasoma namba. Nikifika hapa, namba ni nyingine, na hiyo pia ninaiona. Zote mbili ninaziona. Sijui ni ipi ya kweli. Nyumbani kwake kulikuwa na maboksi ya zote mbili. Niliyachukua yote. Nilifikiri nikiyatazama kila siku nitakumbuka."

Hapo nikaelewa ile risasi ya mfukoni ilitoka wapi, na kwa nini Otis alitaka tuulize mtu ana risasi gani nyumbani.

"Unataka nini, kaka?" nikamuuliza.

"Novemba moja," akasema. "Moja tu, milimani. Baada ya hapo Nia achukue."

Nia alianza kulia, akajizuia. Nikamuuliza kama amewahi kupiga bunduki. Hajawahi. Nikamuuliza kama yuko tayari kujifunza. Alichelewa kujibu, na sikumlaumu, maana hata mimi siku ile ya kwanza nilitaka kugeuka mlangoni. Mwishowe akasema ndiyo.

Tulikubaliana hivi. Maboksi yote ya sabini yaletwe karakana, na yakaletwa, Nia akiyabeba kwenye kikapu cha nguo. Bunduki ihamishiwe kwa Nia kwa taratibu zote, na ikae kwake Columbia. Bolti isikae nyumba moja na bunduki, ikae kwetu. Na huko milimani risasi azishike Nia, ampe baba yake moja baada ya nyingine, akisoma kitako cha kila moja kwa sauti. Curtis alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa. Mwishoni aliuliza jambo moja tu, kama Nia atazisoma kwa Kiswahili. Nia akasema atajaribu. Patrice akamfundisha palepale, naye anatamka themanini kwa lafudhi ya Lubumbashi mpaka leo.

Sikuwa na amani mwezi ule. Niliwaza kama nimempa mtu zawadi au nimempa binti yake mzigo. Nilimuuliza Otis alipokuja kunywa kahawa yake. Alifikiri sana, akasema hajui, na kwamba yeye pengine angekataa, na kwamba pengine angekosea. Basi nikabaki nilipokuwa.

Walikwenda. Wiki ya mwisho ya Novemba wakarudi karakana wote wawili kurudisha bolti, nyuso zimeungua kwa baridi. Kulungu walimpata. Nia alisema dume alitoka msituni asubuhi, baba yake akamtazama kwenye darubini muda mrefu, akafyatua mara moja, kisha akasema jina la Raymond.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na Nia alilisema huku akinikonyeza niangalie maneno yangu. Huko walikutana na mzee mmoja aliyewinda na Raymond tangu ujana. Aliiona bunduki, akasoma muhuri, akashangaa. Raymond alipiga sabini, alisema, siku zote. Walikuwa wakiazimana risasi. Maboksi ya themanini yalikuwa ya nani, hakujua.

Kwa hiyo asubuhi zile alipoamka akasema sabini, Curtis alikuwa amekumbuka kweli. Na ile siku ya Kiingereza, sauti ikiwa na uhakika wote, hakuwa amekumbuka. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha siku hizo, hata yeye.

Curtis alikuwa ameishika bunduki, bolti imetoka, akipitisha kidole gumba kwenye ule mkwaruzo wa kitako. Nikamwambia kazi yangu inarekebishika. Ninafungua mtutu huu, ninaweka mwingine, ninauchonga kwa sabini, na itakuwa kama Raymond alivyokuwa nayo. Sitachukua muda mrefu. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa natamani akubali, kwa sababu fundi hapendi kazi nzuri ikae mahali pasipo pake.

Alifikiri. Patrice alizima mashine ili asikie.

"Hapana, dada," Curtis akasema. "Acha hii. Hii ninaikumbuka."

Nikaipaka mafuta, nikaiweka kwenye mfuko wake, nikampa Nia.